Umeshinda kesi, kampuni iko chini ya msimamizi: maswali kutoka Mtwara na Lindi

SWALI: Ndugu Mwanasheria, nilikuwa nikikiuzia magunia na mbao kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara. Walipoacha kunilipa nilifungua shauri, nikashinda, na muda wa rufaa ukapita bila wao kukata rufaa. Dalali wa mahakama alipofika getini na amri ya kukamata mali, mlinzi alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani ikisema kwamba kampuni iko chini ya msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama Kuu na kwamba hakuna mali inayoruhusiwa kutoka. Dalali alirudi mikono mitupu, na sasa ananidai gharama zake. Je, hukumu yangu imekufa? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Haijafa, ndugu msomaji, ila kwa sasa haiwezi kukutolea mali getini. Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, inaipa Mahakama Kuu mamlaka ya kuiweka kampuni chini ya msimamizi inaporidhika kwamba kampuni imeshindwa, au inaelekea kushindwa, kulipa madeni yake, na kwamba usimamizi huo unaweza ama kuinusuru, ama kuiwezesha kuafikiana na wadai wake, ama kuziuza mali zake kwa bei nzuri kuliko ile ambayo ingepatikana katika ufilisi. Amri hiyo ikishatolewa, hakuna anayeweza kuanzisha au kuendeleza shauri, wala kukazia hukumu (yaani kuitekeleza, kwa mfano kwa kukamata mali) dhidi ya kampuni au mali zake, bila idhini ya msimamizi au ruhusa ya mahakama. Dalali wako alifanya vyema kurudi, kwa maana angevunja kufuli na kupakia mashine angekuingiza wewe katika kesi nyingine, safari hii ukiwa mdaiwa.

Najua jambo hili linauma, hasa kwa mtu aliyelipa ada za mahakama na kuhudhuria tarehe zote huku mdaiwa wake akikwepa. Lakini fikiria hali ya kiwanda hicho iwapo mdai wa kwanza kufika angebeba mashine za kubangulia: minada ya korosho inapofunguliwa Oktoba kisingekuwa na uwezo wa kufanya kazi hata siku moja, na wasafirishaji, vibarua na wauzaji wengine kama wewe wangebaki wakigombea mabati ya ghala.

Kabla ya kutoa shilingi nyingine, hakikisha ile karatasi ya ukutani inasema nini hasa. Andika namba ya shauri, tarehe ya amri na jina la msimamizi, kisha nenda masjala ya mahakama iliyotajwa uombe nakala, na ufanye upekuzi wa jalada la kampuni BRELA, wakala wa serikali unaosajili makampuni. Nasisitiza hatua hii kwa sababu watu wengi hapa kwetu huambiwa tu kwamba “kampuni imefilisika”, maneno ambayo hufunika mambo matatu tofauti. Kampuni inaweza kuwa chini ya msimamizi, kama nilivyoeleza. Inaweza pia kuwa katika ufilisi kwa amri ya mahakama, na hapo sheria ni kali zaidi, kwani ufilisi huhesabiwa kuwa umeanza siku ombi lilipowasilishwa, na mali iliyokamatwa baada ya siku hiyo huwa imekamatwa bure. Au huenda ni benki tu iliyomteua mpokezi, yaani mtu wa kushika mali iliyowekewa dhamana ili benki ilipwe, chini ya hati yake ya dhamana. Uteuzi huo peke yake hausimamishi mashauri ya wadai wengine kama amri ya usimamizi inavyofanya, ingawa benki yenye dhamana halali itakutangulia katika mali iliyowekewa dhamana. Hapo ndipo upekuzi wa BRELA unapolipa, maana dhamana ambayo haikusajiliwa ndani ya siku 42 tangu ilipowekwa huwa batili dhidi ya mfilisi na wadai, isipokuwa mahakama iwe imeongeza muda.

Ikithibitika kwamba ni usimamizi, mwandikie msimamizi mara moja. Ambatisha nakala ya hukumu na ya hati ya kukazia hukumu iliyothibitishwa na mahakama, utenganishe deni la msingi, gharama za kesi na riba, kila kimoja kwa hesabu yake, na udai risiti au mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Faida kubwa ya hukumu yako katika hatua hii ni kwamba deni limekwisha kuthibitishwa, hivyo si rahisi msimamizi kukuambia kwamba magunia hayakufika au yalikuwa mabovu, jambo ambalo mwenzako mwenye ankara tupu atabishaniwa hadi achoke. Ila elewa kwamba hukumu haikugeuzi kuwa mdai mwenye dhamana. Katika foleni utasimama pamoja na wadai wengine wa kawaida.

Kisha hudhuria mkutano wa wadai. Msimamizi analazimika kuwasilisha mapendekezo yake kwa wadai, nao huyapigia kura, na hapo ndipo huamuliwa kama kiwanda kitaendelea, kitauzwa kikiwa kizima, au kitauzwa vipande vipande. Usipofika, wadai wakubwa wa Dar es Salaam watakuamulia. Kama nauli ni tatizo, uliza utaratibu wa kumpa mtu mwingine barua ya kukuwakilisha.

Kuhusu kuomba ruhusa ya mahakama ili uendelee kukazia hukumu, njia hiyo ipo, lakini kwa mdai asiye na dhamana ni nyembamba sana. Sehemu hii ya sheria yetu imefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1986, na Mahakama ya Rufani ya huko ilieleza mwaka 1990 kwamba anayeomba ruhusa ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwa nini apewe, na kwamba masilahi yake hupimwa dhidi ya yale ya wadai wote. Ningekushauri utumie njia hiyo iwapo tu mali iliyo ndani ya uzio ni yako mwenyewe, kwa mfano jenereta uliyowakodisha. Usiogope kwamba kusubiri kutakupotezea haki, kwani muda wa kukazia hukumu ni miaka 12.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa wewe ni muuzaji. Msimamizi akikuomba uendelee kuleta magunia, usikubali kwa mdomo. Deni linalotokana na mkataba alioufanya yeye hulipwa kabla ya madeni ya zamani, lakini ukiyachanganya yote katika daftari moja utajinyima mwenyewe nafasi hiyo. Fungua hesabu mpya, upate agizo lililosainiwa na msimamizi, na ikiwezekana ulipwe kila unapopeleka mzigo.

SWALI: Sisi ni akina mama tuliokuwa wabanguaji katika kiwanda kilichofungwa. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ilitupa tuzo ya mishahara, likizo na fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali. Sasa tunasikia kuna mfilisi. Tutalipwa sawa na watu wengine? (Wasomaji, Lindi)

JIBU: Mama zangu, sehemu ya tuzo yenu ina nafasi bora kuliko madeni ya kawaida, na sehemu haina. Mishahara iliyolimbikizwa kabla ya ufilisi iko miongoni mwa madeni ya kipaumbele, pamoja na baadhi ya kodi za serikali, ndani ya mipaka iliyowekwa na sheria. Fidia ya kuachishwa huingia katika foleni ya kawaida. Kwa hiyo msipeleke jumla moja. Tengenezeni orodha yenye jina la kila mmoja, miezi anayodai, na kiasi cha mshahara, likizo na fidia kila kimoja katika safu yake, kwani mfilisi akipewa jumla peke yake atashindwa kutenga kilicho cha kipaumbele. Kama makato yenu ya NSSF hayakupelekwa, toeni taarifa ofisi ya mfuko huo iliyo karibu nanyi, ili nao wadai. RITA ndiyo wakala wa serikali unaoshughulikia ufilisi, na mnaweza kuuliza huko ni nani aliyeteuliwa. Madai yenu yaandikeni kwa Kiswahili bila wasiwasi, kwani tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu.

SWALI: Mkurugenzi wa kampuni ninayoidai bado anatembelea gari la kifahari mjini Masasi. Kwa nini nisikamate hilo? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Kwa sababu anayedaiwa ni kampuni, na kisheria kampuni ni mtu mwingine kabisa. Mahakama ya Rufani iliwahi, katika uamuzi wa mwaka 2006, kuruhusu hukumu ikaziwe dhidi ya mkurugenzi binafsi, lakini ni hatua ya nadra, nayo huhitaji ushahidi kwamba kampuni ilitumika kama kificho cha kukwepa deni. Anza kwa kutazama kadi ya gari. Likiwa limesajiliwa kwa jina la kampuni, au lilihamishwa kwenda kwa jina lake wakati kampuni tayari inadaiwa, mwandikie msimamizi au mfilisi ukimpa namba ya gari na tarehe ya uhamisho, maana yeye ndiye mwenye mamlaka ya kulifuatilia kwa niaba ya wadai wote.