Leso za Biashara Street, na tukiona njaa?

SWALI: Dada, mimi na mke wangu tunashuka Mombasa mwezi ujao na treni, mara yetu ya kwanza, na yeye anataka leso, yaani khanga, za kupelekea mamangu na shangazi zake, kila mtu anatuambia nendeni Biashara Street. Tutafikaje, tununue vipi tusipigwe bei, na tule wapi? Tuko na siku moja tu ya kuzunguka town.
Msomaji, Nakuru

JIBU: Karibuni sana kaka. Treni ya SGR inawashusha Miritini, huko bado ni mbali na town, kwa hivyo chukueni matatu mpaka kisiwani halafu muulize soko la Marikiti, liko Digo Road na Biashara Street iko hapo karibu, mtafika kwa mguu. Jumapili msiende maana maduka mengi yamefungwa, na kama ni Ijumaa wahini asubuhi kabla watu hawajaenda msikitini. Kuleni kwanza mahamri na mbaazi, hiyo kazi ya leso haitaki njaa.

Leso inauzwa doti, yaani mbili zimeshikana hazijakatwa. Mwambie muuzaji aitandue yote muone pindo, muone mji pale katikati, kisha msome jina, yale maandishi ya chini, na hapa tafadhali msiharakishe. Kuna leso za dua, za kumshukuru mama, za mapenzi, na kuna za mafumbo kabisa za kumpiga mtu vijembe, sasa mkeo achukue moja kwa sababu ya rangi ampelekee mama mkwe, mama aisome mbele ya majirani, hapo mtaeleza nini? Mimi naona unachonunua ni jina, rangi baadaye.

Bei ulizeni maduka mawili matatu kabla ya kutoa pesa, na mkichukua doti kadhaa ombeni bei ya jumla. Salamu kwanza lakini, hapa kwetu ukiingia dukani na "hii ngapi" bila hata hujambo unaonekana huna adabu. Mkishalipa tafuteni fundi cherehani awakatie na awapindie, halafu nyumbani zifueni zitoke dondo, ule wanga unaozifanya ngumu, ndio zilainike. Bebeni mfuko wenu pia, ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Marikiti yenyewe ni ya 1914, ingieni mnunue iliki, bizari na achari ya maembe. Jua likipungua piteni Mji wa Kale polepole mpaka Fort Jesus, mkiona mzee na dele lake, ile birika ya kahawa tungu, kaeni mnywe. Chakula cha jioni msikimbilie hotelini jamani, nendeni Mama Ngina pale baharini, kuna madafu na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, na mishkaki na viazi karai mtavipata barabarani tu. Kurudi mnakolala pandeni tuktuk, ila patananeni bei kabla hamjakaa.