Akina Edward wa Monduli, na jina la katikati tunalolikata

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linatutaka tutaje watu mashuhuri wanaochangia jina moja, kisha tuseme kama kufanana huko kunawajenga au kunawapunja. Mimi nasema kunawapunja, na anayepunjwa zaidi ni yule ambaye habari zake husimuliwa kidogo. Wa kulaumiwa ni sisi tunaowataja, maana tuna mazoea ya kukata lile jina moja ambalo lingewatenganisha.

Nianze na Arusha, kwa sababu sioni mfano mzito kuliko huu nchini. Mtaje Mmasai wa Monduli, jina lake Edward, aliyezaliwa mwezi wa Agosti, akawa mbunge, akapanda hadi kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, akakiacha kiti hicho ghafla, na akazikwa nyumbani kwao Monduli. Umemtaja nani? Wapo wawili, na kila neno hapo linawafaa wote. Edward Sokoine alizaliwa mwaka 1938, Edward Lowassa mwaka 1953. Ongeza kabila, ongeza wilaya, ongeza cheo, bado hujawatenganisha.

Ukiingia ndani ya maisha yao ndipo unapoona walivyo mbalimbali. Sokoine, ambaye sekondari aliisoma huku kwetu Kilimanjaro, pale Umbwe, alikuwa Waziri Mkuu mara mbili: 1977 hadi 1980, na tena kuanzia Februari 1983. Kipindi cha pili ndicho cha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sabuni na sukari zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na walioficha bidhaa walizitupa usiku kwa hofu ya kukamatwa. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, alipata ajali ya gari eneo la Dakawa, mkoani Morogoro, akafariki. Alikuwa na miaka 45.

Lowassa alishika nafasi hiyo Desemba 2005 na kujiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Wakati wake ndipo sekondari za kata zilipojengwa kwa kasi nchi nzima, na wazazi wengi wa vijijini wanalikumbuka hilo kuliko hiyo Richmond. Mwaka 2015 aligombea urais kupitia CHADEMA akiungwa mkono na vyama vya UKAWA, ule muungano wa wapinzani, akapata kura zaidi ya milioni 6, akarudi CCM mwaka 2019, na kufariki Februari 2024. Mmoja alifia kazini akiwa bado na nguvu, taifa likabaki linajiuliza angefika wapi. Mwingine alipata muda wa kuanguka, kuinuka, kuhama na kurudi, na watu wakagawanyika juu yake mpaka mwisho. Ukiwachanganya umewadhulumu wote wawili.

Na wanachanganywa. Ndani ya Noah, gari dogo la abiria, ya kwenda Arusha nimemsikia kijana akiwaeleza wenzake, tena kwa uhakika kabisa, jinsi Lowassa alivyowabana walanguzi mwaka 1983. Wenzake wanaitikia tu. Mzee mmoja aliyekaa mbele karibu na dereva akageuka, akamwangalia, akasema: "Moringe, kijana wangu. Unayemsema ni Moringe." Kisha akageukia mbele.

Mzee yule alitumia jina la katikati, na lilitosha. Edward Moringe Sokoine. Edward Ngoyai Lowassa. Ukiyaandika hivyo hakuna wa kupotea. Hata pale Monduli ipo sekondari inayoitwa Moringe Sokoine, na naona waliochagua jina hilo walifanya jambo la maana sana.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu majina ndiyo kazi yangu. Nina steshenari hapa Moshi mjini. Nachapa barua, natoa kopi, lakini kazi kubwa ya mwaka mzima ni fomu zinazodai majina matatu, viapo vya watu ambao cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cheti cha shule kinasema vile, na ratiba za mazishi zenye wasifu wa marehemu. Uchaggani jambo la majina lina mzizi wake. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Sasa chukua mzee mwenye watoto wa kiume watano. Kila mmoja akimwita mwanawe wa kwanza kwa jina la mzee, unapata wajukuu watano wenye jina moja la kwanza na jina moja la ukoo. Kinachowatenganisha ni jina la baba lililo katikati, na hilo ndilo tunaloliruka tukiwa na haraka. Jina la ukoo halisaidii hata kidogo. Mtu akikwambia yeye ni Massawe, swali linalofuata ni lazima: wa Machame, wa Kibosho, au wa Rombo?

Msiba mmoja ulinifundisha uzito wake. Tangazo lilizunguka WhatsApp usiku likiwa na majina mawili tu, la ubatizo na la ukoo. Asubuhi na mapema akaja dukani baba mmoja, simu mkononi inaita na kuita. Aliyefariki ni binamu yake waliyechangia jina, wajukuu wa babu mmoja, na watu walikuwa wanampigia mke wake kumpa pole. Mama yake mzee kijijini alikuwa ameshaangua kilio kabla hajasikia sauti ya mwanawe. Tulichapa tangazo upya, majina matatu kamili, jina la baba kwa herufi nene, na picha ya marehemu juu. Alisimama palepale mezani akilituma kundi moja baada ya jingine, huku machozi ya kumlilia binamu yake yakimtoka, maana hakuwa amepata hata nafasi ya kulia.

Nirudi kwa mashuhuri. Mtasema, mbona kuna jina linalobeba? Kweli, lipo, na hapa Kilimanjaro mfano wake ni Marealle. Mangi, yaani mtawala wa Kichagga, Marealle wa Marangu alitawala wakati Wajerumani wanaingia, na alijua kuwatumia. Mjukuu wake, Thomas Marealle, alisimikwa mwaka 1952 kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, akaitwa Marealle wa Pili, na akadumu hadi Wachagga walipoamua mwaka 1960 kwamba hawataki tena cheo cha namna hiyo. Sina shaka jina la babu lilimfungulia njia, ingawa alikuwa pia msomi na mtu wa kuelewana na watu. Lakini jina hilohilo ukilipeleka Old Moshi linaamsha jambo lingine. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na simulizi za huko zinamtaja Marealle wa Marangu kuwa alichochea kwa fitina. Mjukuu hakuwa amezaliwa. Hata hivyo kuna nyumba ambazo ukisema Marealle, wazee hawaulizi wa kwanza au wa pili, uso umeshabadilika. Kwa hiyo hata jina linalobeba huja na deni ambalo mrithi hakulikopa, na ndiyo maana naona lile "wa Pili" lisiachwe hata mara moja anapotajwa.

Kwa upande wa dini tuna Askofu Shao na Askofu Shao. Martin Shao aliongoza Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, kanisa la Kilutheri, makao yake hapa Moshi. Augustine Shao, Mkatoliki, aliteuliwa miaka ya 1990 kuwa Askofu wa Zanzibar. Wakati mmoja wote walikuwa kazini, na kichwa cha habari kikisema "Askofu Shao asema" ilibidi usome mpaka ndani kujua ni wa mlimani au wa visiwani. Tuna pia Askofu Stefano Moshi, mkuu wa kwanza wa KKKT ilipoundwa mwaka 1963. Wageni wakisoma jina la chuo kikuu kishiriki cha Stefano Moshi hudhani Moshi hapo ni mji. Ni mtu, na mtu mwenye historia kubwa.

Umasaini na kwa Waarusha majina kama Mollel na Laizer ni ya koo, yametapakaa kuanzia Longido mpaka Simanjiro. Askofu Thomas Laizer wa KKKT Arusha, aliyefariki mwaka 2013. Michael Lekule Laizer, aliyekuwa mbunge wa Longido kwa muda mrefu. Na Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mirerani ambaye Juni 2020 aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa takriban shilingi bilioni 7.7. Tangu siku hiyo ukisema "Laizer" mbele ya vijana wanaona mawe tu. Nampenda Saniniu, amejenga na shule kwao, lakini sipendi askofu aliyehudumu miaka yote ile afunikwe na mawe mawili.

Akina John ni wengi mno, nawapita haraka: John Malecela aliyekuwa Waziri Mkuu, John Magufuli aliyekuwa Rais, na John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililoumia na kufungwa bandeji. Huyu wa mwisho tumezoea kumwita kwa majina yote matatu, na ndiyo sababu hajapotea.

Sasa yule ambaye kwa maoni yangu amepunjwa kuliko wote. Jina lake liko katikati ya jiji la Arusha, jirani na stendi, kwenye uwanja wa mpira ambao kila mtu anaujua: Sheikh Amri Abeid. Alikuja dukani binti wa kidato cha pili, akanisalimia shikamoo mama, akaniomba nimchapie kazi ya shule. Walipewa watafute historia ya mtu ambaye sehemu mashuhuri ya mkoa wa jirani imeitwa kwa jina lake. Kazi ilikuwa nzuri, mwandiko safi, na juu amebandika picha aliyoitoa kwenye simu. Picha ilikuwa ya Karume.

Simlaumu. Aliandika "Abeid" na simu ikamletea Abeid anayejulikana. Na kwa akina Karume kwenyewe kuna mtego wa pili: Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, na mwanawe Amani Abeid Karume, Rais wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Majina yaleyale, yamegeuzwa tu mwelekeo. Kazi ya binti ilikuwa imeanza na baba, ikapitia kwa mtoto, na mwenye uwanja hakuwa na hata mstari mmoja.

Tulikaa naye nyuma ya printa tukatafuta upya, safari hii kwa jina ambalo kibao cha uwanja hakina: Kaluta. Akatokea. Kaluta Amri Abeid, mzaliwa wa Ujiji, mwaka 1924. Shehe wa Kiahmadiyya aliyeshiriki katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 1953. Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Waziri wa Sheria katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Alifariki mwaka 1964, akiwa na miaka 40 tu. Na juu ya yote hayo, mshairi. Mwaka 1954 alichapisha kitabu kinachofundisha sheria za kutunga mashairi, vina na mizani, na wanaotunga kwa kufuata arudhi, yaani kanuni hizo, mpaka leo wanamtaja kama mwalimu wao. Binti aliniuliza, "Kwa hiyo mama, ule uwanja ni wa mtu wa mashairi?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, wa mtu wa mashairi. Akaomba karatasi nyingine aanze upya.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, jibu langu lina ombi pia, na nalielekeza kwa watangazaji wa mpira, waandishi wenzenu na wote wanaohusika na uwanja ule. Siku mtakapopaka rangi upya lile jina la getini, liongezeni Kaluta. Nafasi ipo, mimi nimeenda kupima kwa macho, herufi sita zinaingia bila kubana.

Msomaji wenu,
Moshi