Mwenyeji Ndiye Anayebaki: Kwa Daktari wa Mifugo Anayeanza Kampeni za Kuhasi Mbwa na Paka

Wewe uliyemaliza shahada ya veterinari pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ukafungua kibanda chako cha dawa na huduma mtaani, siku moja utapigiwa simu. Kuna shirika linakuja kuhasi mbwa na paka bure kwa siku chache, wanatafuta daktari mwenyeji. Kubali, ila ujue unaitiwa nini. Wengi hudhani mwenyeji ni wa kuongeza mikono mezani na kutafsiri Kiswahili. Wageni watafungasha vifaa vyao Jumapili. Jumatatu, mama ambaye mbwa wake kidonda kimevimba atabisha hodi kwako, kwa sababu wewe ndiye anayekujua. Kwa hiyo fanya kila kitu kwa namna ambayo utaweza kuijibia siku ya tatu, hapohapo mtaani.

Hata sheria imekuweka katikati. Sheria ya Veterinari ya 2003 inamtaka anayefanya upasuaji awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamkinga mnyama dhidi ya mateso yasiyo ya lazima. Foleni ikirefuka utashawishiwa umwachie msaidizi kisu. Usikubali. Msaidizi na afisa mifugo wa kata wana kazi nzito zaidi ya hiyo: kuchanja, kuandika kumbukumbu, na kukaa na wanyama wanaozinduka.

Kazi yenyewe huanza wiki kadhaa kabla ya meza kutandikwa. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, nenda shuleni, nenda kwa imamu na kwa mchungaji. Sikiliza wanachohofia watu, maana hawahofii unachodhani. Wazee watakwambia, "Dokta, ukimhasi huyu atalala tu, mwizi ataingia." Waeleze kwamba mbwa hulinda kwake na watu wake, na hilo halitoki kwenye korodani. Kinachopungua ni kuzurura akifuata majike na kurudi na majeraha. Waambie pia kwamba dume aliyehasiwa leo bado anaweza kupandisha kwa wiki chache, vinginevyo jike la jirani likishika mimba utaitwa mwongo. Wengine watasema jike lizae mara moja kwanza. Hakuna faida yoyote katika hilo, na jike linaloondolewa kizazi kabla ya joto la kwanza, yaani kabla halijaanza kutaka dume, lina hatari ndogo sana ya uvimbe wa matiti uzeeni.

Likija swali la kubadilisha maumbile ya Mungu, usibishane dini. Mfuate imamu mapema kwa heshima, mwoneshe vitoto vya paka vinavyotupwa jalalani ndani ya viroba, mweleze habari za watoto wanaoumwa na mbwa, kisha mwache aseme yeye kwa elimu yake. Neno lake moja baada ya swala lina uzito kuliko gari la matangazo.

Huku Pwani kuna jambo ambalo daktari mgeni halioni. Paka hulala kitandani na huingia msikitini bila mtu kushtuka. Mbwa yuko nje, analinda, na kwa sababu ya mate yake watu wazima wengi wa nyumba hiyo hawajawahi kumshika. Anayemletea makombo ni mtoto, na siku ya kampeni utamwona mtoto huyohuyo, labda wa miaka tisa, akivutwa na mbwa kwa kamba ya katani. Pokea kamba mlangoni. Mfunge mbwa mdomo kwa bendeji laini kabla hajaingia kwenye kelele, na mtoto akae mbali sindano ikichomwa. Akitokea wa kuumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo.

Na kila mnyama anayelala mezani aamke amechanjwa kichaa cha mbwa. Dunia imejiwekea 2030 kuwa mwaka wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, na kinga ya mtaa husimama pale angalau asilimia 70 ya mbwa wanapokuwa wamechanjwa. Mbwa asiyezaa huishi zaidi, na chanjo yake inadumu mtaani. Vitoto visivyochanjwa havimiminiki kila miezi. Halmashauri ikitaka ushauri kuhusu kuwapiga risasi au kuwatilia sumu, sema bila woga kwamba sumu haichagui: inamuua na aliyechanjwa, na jalala likiwa palepale wengine huhamia. Chanjo yako ikae kati ya nyuzijoto 2 na 8, isigande.

Sasa meza. Uamuzi mkubwa wa siku nzima unafanyika kabla ya kisu, unapomfunua mnyama mdomo. Mbwa wetu wanaishi na kupe, na magonjwa ya kupe kama erlikia hupunguza chembe za kugandisha damu. Fizi zikiwa nyeupe, au ukiona madoa mekundu madogo madogo kwenye ngozi ya tumbo, huyo asipasuliwe leo. Mtibu, mchanje, mpangie siku nyingine. Jike lililo kwenye joto nalo linavuja damu kuliko kawaida, mishipa yake imejaa. Kama unaweza kulifungia ndani hadi joto lipite, subiri. Kama ni la mitaani na halitakamatika tena, lifanye kwanza asubuhi ukiwa hujachoka. Kandamiza matiti pia. Maziwa yakitoka, uliza vitoto viko wapi kabla hujafanya lolote.

Mnyama awe hajala tangu usiku. Mwambie mwenye mbwa amfunge jioni, maana mbwa anayelala huru atakula jalalani alfajiri na mwenyewe ataapa kwamba hajala kitu. Zailazini, dawa ya kusinzisha, mara nyingi huwatapisha wanaposinzia. Kwa vitoto vya paka usiwashindishe njaa hivyo, saa chache zinatosha.

Tumbo likishafunguka, heshimu ovari ya kulia. Iko mbele zaidi na ndani zaidi kuliko ya kushoto, na kwa jike lenye mafuta utavuta bila kuona. Legeza ule mshipi unaoishikilia taratibu kwa kidole mpaka uhisi umeachia, funga uzi mara mbili, kikate kile kishina, yaani sehemu yenye mishipa ya damu inayobaki tumboni, na kabla ya kukiachia kishike kidogo kwa koleo ukitazama kama kinatoa damu. Kikikuponyoka na damu ikaanza kujaa, usichovye koleo gizani. Panua kidonda. Upande wa kulia inua duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, uutumie utando wake kuwa pazia la kusogeza matumbo mengine pembeni, na kishina kitaonekana nyuma ya figo. Upande wa kushoto fanya vivyo hivyo kwa koloni, utumbo mpana. Jifunze hili kwa mkubwa wako kabla hujalihitaji. Hesabu shashi za kufyonzea damu kabla ya kufunga. Ngozi ishonwe kwa uzi unaoyeyuka, ukiufukia ndani, kwa kuwa hakuna atakayemrudisha mbwa wa mtaani kutolewa nyuzi.

Paka wasio na nyumba wakiwa bado usingizini wakate ncha ya sikio la kushoto, sentimita moja, ili asikamatwe na kupasuliwa tena bure. Mahali fedha ni chache, majike yatangulie. Dume moja lililobaki linatosha majike yote ya mtaa, na paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, akaibeba kwa takriban siku 63.

Wengi wanaopotea hupotea baada ya mshono wa mwisho, daktari akiwa ameshageukia mwingine. Kwa ketamini, dawa ya usingizi, macho hubaki wazi na hukauka. Yapake mafuta ya macho. Kitoto cha paka kilicholowa spiriti hupoa hata Dar es Salaam mwezi Januari, wakati mbwa mkubwa aliyelazwa chini ya bati saa nane mchana anaweza kufa kwa joto. Anza alfajiri, kisu kisimame kabla ya saa saba, ili wa mwisho azinduke mwanga ukiwepo na aondoke akitembea mwenyewe. Dawa ya maumivu si ya hiari.

Kesho yake zunguka. Pita nyumba kwa nyumba na daftari lenye jina la mwenye mnyama, rangi, jinsia, uzito, dawa na namba ya toleo la chanjo. "Mama Asha, shikamoo, huyu Simba amekula?" Uvimbe mdogo mkavu ni kawaida. Unyevu unaonuka, mshono ulioachia, fizi zilizopauka, huyo anarudi nawe leo.

Ziara hizo zina gharama, na hapo ndipo vijana wengi hunyamaza kwa aibu. Kabla kampeni haijaanza, kaa na wenye mradi muandikiane: nani analipa nauli na simu zako kwa wiki mbili baada ya wao kuondoka, nyuzi ngapi, antibiotiki na dripu kiasi gani zinabaki kabatini kwako, nani analipia kidonda kikifunguliwa tena, na mtaa huu utarudiwa lini. Wakijibu kwamba hayo yataonekana baadaye, waombe wapunguze idadi ya wanyama hadi bajeti iyafikie.