“Ataanza tu, hata baba yake alichelewa”

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Korogwe. Kitongojini kwangu kuna mtoto wa miezi 11 ambaye hajakaa. Nimemhimiza mama mara mbili ampeleke hospitali, hajaenda. Bibi anasema ataanza tu, hata baba yake alichelewa. Nifanyeje?

JIBU: Bibi hajakosea sana. Watoto hutofautiana, na kutembea kunaweza kusubiri hadi miezi 17 mtoto akiwa mzima kabisa. Kukaa bila kuegemezwa hakusubiri hivyo: kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, karibu watoto wote wenye afya huwa wamekaa kufikia miezi 9. Ila uliza kwanza kama alizaliwa njiti. Aliyewahi kwa miezi 2, mhesabie 9, si 11.

Ukirudi, ongea na mama na bibi pamoja, maana mwenye nauli huenda si mama. Neno “ulemavu” liache. Hujampima, na ukishalitamka mlango umefungwa. Tandika mkeka, mlaze kifudifudi, weka kijiko kinachong'aa shubiri moja mbele yake, kulia kisha kushoto. Wao ndio waangalie. Akinyoosha mkono uleule kila mara huku wa pili umekunja ngumi, hiyo ni dalili. Chini ya mwaka mmoja mtoto hajaanza kuchagua mkono. Mnyanyue kwa makwapa: miguu ikipishana kama mkasi, asingoje. Vilevile aliyekuwa anaweza jambo kisha akaacha.

Kwenye rufaa usiandike “anachelewa kukua”. Atapimwa uzito na kurudishwa na chupa ya vitamini. Andika ulichokiona, kwa mfano: “Miezi 11, hakai, ngumi ya kushoto haifunguki, aonwe na fiziotherapia.” Uliza siku ya kliniki hiyo ya mazoezi ya viungo kabla hawajapanda gari.

Waambie mapema kwamba hakuna sindano. Wengi hawarudi mara ya pili kwa sababu walitarajia dawa, wakafundishwa kucheza na mtoto. Ni dakika kama 10, mara nne au tano kwa siku, wakati wa kuoga na kuvaa. Miguu inayokaza husaidiwa hata na mbeleko, mapaja yakitanuliwa mgongoni kwa mama. Ikiachwa, misuli hufupika na nyonga huweza kuchomoka, na hapo mazoezi peke yake hayarudishi. Beseni lililojazwa kanga ili kumkalisha mtoto si baya kwa kuchezea, lakini linalokaa pale ni beseni.

Wakati wanasubiri siku ya kliniki, mtazame anavyolishwa. Akinyweshwa uji amelala chali, au kichwa kimerudi nyuma, unaingia njia ya hewa, na nimonia inamrudia. Apakatwe wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kije kutoka mbele, si kutoka juu.