Doti ya khanga, doti ya fundi

SWALI: Dukani nikiomba doti napewa khanga mbili. Fundi cherehani anasema doti ni yadi nne. Babu yangu naye anashikilia kuwa ni mikono minane. Nimshike yupi? Na bei ikiwa kwa mita, nikatiwe ngapi?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Babu na fundi wanasema jambo moja. Mkono ulipimwa kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, yapata inchi 18. Mikono minne ilikuwa shuka moja, yaani yadi 2, na shuka mbili ndiyo doti. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, pale Tabora, mwaka 1857, aliandika hesabu hiyohiyo. Ubaya wake ni kwamba mikono hailingani, na mwenye mkono mfupi akipima, mnunuzi ndiye anayepunjika.

Neno lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi, ambao kwao dhoti ni nguo ya kujifunga kiunoni. Huku bara likawa kipimo, kisha likafanya kazi ya fedha: hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi na posho za wapagazi zililipwa kwa doti. Iliyopendwa mno ni merikani, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Marekani. Vita vya 1861 hadi 1865 vya huko vilipokatiza shehena, nguo za Uingereza na India zilijaza pengo, lakini jina halikubadilika. Kwa hiyo si kila “merikani” ya wazee ilitoka Marekani.

Khanga ndiyo inayochanganya watu. Hapo doti ni vipande viwili tu, bila kujali yadi. Kipande kimoja kina urefu wa kama sm 150, basi doti nzima ni karibu mita 3, wakati yadi 4 ni mita 3.66. Fundi akikata mshono wa yadi 4 kwenye khanga, kitambaa kitamwishia njiani.

Kwa kitambaa cha mita, omba 3.8 ikiwa ni pamba tupu, kwa sababu hurudi kikifuliwa mara ya kwanza. Muuzaji asikivute anapopima, kilale chenyewe mezani. Kilichovutwa kitajikunja ukifika nyumbani. Kiloweke na kukianika kabla ya kumpelekea fundi. Khanga nazo, zitenganishe katikati ya pindo mbili zinazokutana, ukichomoa uzi mmoja kwanza ili mkasi ufuate mstari, la sivyo upande mmoja utakuwa na pindo nene na mwingine nyembamba.