Mdogo wangu hufichwa shirika linapokuja kwetu

SWALI: Mdogo wangu ana miaka 26, na tangu utotoni huchelewa sana kuelewa mambo. Shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaani, husali nyumba kwa nyumba, na zamu ikifika kwetu wazee wa familia huniagiza nimfungie chumba cha nyuma, ati asitutie haya. Jirani mmoja anadai alirogwa. Majirani haohao humwita kila siku awachotee maji, wakisema huko ndiko kumshirikisha. Je, ni kweli? Nianzie wapi?
Dada mkubwa, Kadutu, Bukavu

JIBU: Dada yetu, tuanze na maji, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito. Mtu anayepandisha bidoni za maji katika miteremko ya Kadutu bila malipo, kisha akafungiwa ndani wenzake wanapoketi kusali, hajashirikishwa, ametumikishwa. Vijana wengine wanaochotea watu maji hulipwa. Naye alipwe vilevile, fedha aishike mwenyewe, nawe umsaidie kuihesabu.

Kuhusu kurogwa, mjibu jirani kwa upole lakini bila kusitasita. Ulemavu wa akili unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au hali ya kuzaliwa nayo kama trisomia 21 (iitwayo pia hali ya Down). Mara nyingine chanzo hakipatikani, na hilo halithibitishi uchawi wowote.

Kabla ya zamu ijayo, zungumza kwanza na mdogo wako, kwa maneno machache, umsikie anataka nini, ndipo umwendee kiongozi wa shirika. Omba apewe kazi moja itakayojulikana kuwa ni yake, kwa mfano kugawa vitabu vya nyimbo na kuvikusanya. Mwanzoni huenda mtu mmoja akapata viwili na jirani yake akakosa. Mwacheni arekebishe mwenyewe, wala asije mtu akamnyang'anya kwa haraka ya kuanza wimbo. Kelele zikimchosha, atoke nje apumzike. Wanashirika wamsalimie kwa jina lake, wasikuulize wewe hali yake ilhali amesimama mbele yao, na mtu wa miaka 26 asiitwe mtoto. Siku asipofika, atumwe mtu kumwulizia kama anavyoulizwa mwingine yeyote: kwetu hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote.

Aibu ya wazee tunaielewa, maana huenda wamevumilia maneno makali ya watu kwa miaka mingi. Hata hivyo, Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 kinatambua haki ya kuishi na kushiriki katika jamii, na sheria yetu ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Wajulishe hayo kwa heshima, kisha uwaombe wakubali zamu moja tu. Wakikataa, kiongozi wa shirika aje kuongea nao kabla ya siku ya sala.