Re: The Ladykillers, ya 1955 au ya 2004? Mimi nilizionyesha zote mbili bandani Mwanjelwa

Mkuu umeuliza uanze na ipi kati ya The Ladykillers ya zamani na ile rimeki ya Tom Hanks, na kwa nini kila mtu anaiponda hiyo rimeki. Wadau hapo juu wamekujibu kwa kuangalia nyota za mitandaoni, mimi nakujibu kama mtu aliyekuwa na banda la video Mwanjelwa, Mbeya, maana hizi muvi zote mbili nimezionyesha kwa watu waliolipa mia mbili mbili zao, na mtu wa Mwanjelwa akishalipa mia mbili yake hana huruma na wewe, ikimboa anakwambia hapohapo tena kwa sauti na wenzake wanaitikia.

Anza na ya 1955. Sababu ndo hizi, na tahadhari nitataja hadi mwisho wake, kama hutaki kujua ishia hapa.

Kwa ambao hawajaziona, stori ni moja. Jamaa anajiita profesa, anapanga chumba kwa bibi mjane anayeishi peke yake, anamdanganya kwamba yeye na wenzake wanne ni wanamuziki wanatafuta sehemu tulivu ya mazoezi, kumbe wanapanga tukio. Wanaiba, bibi anashtukia, wanaamua auawe, halafu kila anayepewa hiyo kazi inamshinda na wanaishia kumalizana wao kwa wao. Sasa watu wanasema ni muvi za wizi uliofeli, ila angalia vizuri, wizi haukufeli! Hela wanaipata zote mbili, tena wanaifikisha ndani ya nyumba. Kinachowashinda ni kutoka mlangoni kwa bibi. Hapo ndo utamu wote ulipo na hapo ndo rimeki ilipoteleza, nakuja.

Ya 1955 ilitengenezwa na studio za Ealing za London, mwongozaji Alexander Mackendrick, mwandishi William Rose ambaye alisema stori nzima aliiota usingizini. Profesa ni Alec Guinness kavalishwa meno ya bandia makubwa yale yanatisha hata akicheka, na humo ndani kuna Peter Sellers kijana kabisa kabla hajawa nyota mkubwa wa vichekesho. Bibi ni Katie Johnson, mama wa miaka sabini na kitu, mdogo mdogo, sauti ya upole, na huyo bibi ndo aliyewafunika wote hao, tuzo ya BAFTA, ile ya filamu ya Waingereza, akabeba yeye. Mpango wa genge ni wa akili sana: wanavamia gari la hela, pauni elfu 60, sanduku linapelekwa stesheni ya King's Cross kama mzigo wa kawaida, halafu anayeenda kulichukua ni bibi mwenyewe! Hajui kitu. Polisi wamejaa barabarani wanatafuta majambazi na bibi anapita na sanduku kwenye teksi, njiani anasimamisha teksi ashuke akamgombeze mtu anayempiga farasi, na majambazi wako pembeni kwenye gari lao jasho linawatoka. Bandani hapo watu walikuwa wamesimama kwenye mabenchi.

Nikiri nilikuwa na wasiwasi nayo, maana ni ya Waingereza wanakunywa chai, hamna ngumi, hamna steringi. Nilikuwa natafsiri mwenyewe kwenye maiki, enzi hizo baada ya Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, kila mwenye banda alijiona naye anaweza. Lakini kilichoniokoa ni treni. Nyumba ya bibi ipo juu kabisa ya reli, maiti zinadondoshwa kwenye mabehewa ya mizigo yanayopita chini, moshi umetanda, treni inaondoka na mtu wake na biashara imeisha. Sasa watu wa Mbeya na treni ya mizigo unatujua, TAZARA tumekua tunaisikia Iyunga pale usiku, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Kila maiti ikidondoka kuna mtu nyuma anapiga kelele "huyo kesho yuko Tunduma!" na banda zima linaripuka. Sikuhitaji kutafsiri chochote.

Ila kuna sehemu moja banda lilinyamaza kabisa, hadi ukasikia jenereta la jirani. Ni pale wanapochomoa vijiti vya kiberiti kuamua nani akamuue bibi. Wale jamaa ni wahuni wa kweli, hasa yule Louis anayechezwa na Herbert Lom, huyo hacheki toka muvi inaanza mpaka inaisha, ukimwangalia unajua huyu anaua. Na bibi yuko sebuleni anawangoja wamalize maneno yao. Mle ndani nakwambia kuna mabondia, wapiga debe wa Kabwe, wabeba mizigo wa sokoni, watu wazima wanahofia maisha ya bibi wa Kizungu. Ndo maana yule wa kwanza, Meja, alivyotoka dirishani na hela akakimbilia juu ya paa badala ya kuua, kicheko kilichotoka kilikuwa cha watu waliokuwa wamebana pumzi.

Sasa njoo ya 2004. Hii ni ya ndugu wawili Joel na Ethan Coen, wameitoa London wakaipeleka Mississippi, Marekani kusini. Bibi sasa ni mama Mmarekani mweusi, Marva Munson, mjane mlokole, na badala ya gari la hela kuna kasino ya kwenye meli. Hapo kuna kitu kizuri ambacho wengi hawakishtukii: sheria ya Mississippi kipindi hicho ilikuwa hairuhusu kamari nchi kavu, kasino lazima ielee majini (waliilegeza 2005 baada ya kimbunga Katrina), kwaiyo kwenye muvi watu wanacheza melini lakini hela zinatunzwa chini ya ardhi upande wa nchi kavu, na genge linachimba handaki kutoka stoo ya chini ya nyumba ya bibi. Safi kabisa, huwezi kusema walikopi tu.

Na hii ndo nilidhani itakimbiza watu, kumbe nusu saa ya kwanza ilishika kuliko ile ya zamani. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya bibi. Bandani kila mtu alikuwa anamjua yule mama. Gauni la maua, kofia, pochi kwapani, picha ya marehemu mumewe ukutani ambayo sura yake inabadilika kutokana na mambo yanayoendelea ndani, kwaya kanisani inapasua spika. Nyimbo za injili zilisimamiwa na T Bone Burnett na ziko kwenye kiwango kingine. Banda langu nilikuwa nimepanga kwa bibi mmoja Mmoravian wa kutoka Rungwe, mtu wa kwaya tangu ujana, hajawahi kukanyaga mle ndani hata siku moja maana alikuwa anasema ni shimo la wahuni. Siku hiyo kasikia kwaya akajua nimeokoka, akaingia na khanga yake begani, vijana wakampisha benchi la mbele.

Akaangalia. Profesa kaingia na wenzake wanne na vinanda vya karne ya sijui ngapi, bibi yangu akauliza kwa sauti, "Huyu kalipia watu wangapi?" Nikamwambia bibi, kapanga mmoja. Akasema, "Mimi angetoka leo hii." Ikafika yule kijana mropokaji, Gawain, Marlon Wayans huyo, kaporomosha matusi mbele ya mama na mama kamchapa vibao, bibi yangu akapiga makofi, banda zima likapiga makofi, nikalazimika kurudisha nyuma deki watu waone tena. Na pale wanapoteremka stoo wakawasha redio ipige muziki ili bibi ajue wanafanya mazoezi huku wanachimba, akatingisha kichwa akasema "wapangaji ndo walivyo". Baada ya hapo akaniongezea kodi, lakini hiyo ni mada nyingine.

Tatizo likaja nusu ya pili. Huyu mama ana nguvu mno, anachapa watu, ana mumewe ukutani, ana Mungu, halafu genge lenyewe ni vituko tangu sekunde ya kwanza. Pancake, mtaalamu wa baruti, tumbo linamsumbua na baruti inamlipukia mkononi kidole kinakatika, paka anakibeba anaondoka nacho. (Hapo watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na benchi, sikatai.) Lump ni mcheza mpira wa Kimarekani hana kitu kichwani kabisa. Jenerali anavuta sigara anaificha mdomoni. Sasa niambie, nani kati ya hawa atamuua yule mama? Hakuna hata mmoja bandani aliyehofia maisha yake. Na kama huhofii maisha ya bibi, basi zile ajali za mwisho ni watu wanaanguka tu mmoja baada ya mwingine. Jenerali kaingia chumbani kumnyonga, saa ya ukutani imemshtua kameza sigara yake, kakimbilia glasi ya maji kumbe ndo yenye meno ya bandia ya bibi, kamkanyaga paka, ngazi zikamchukua. Imepigwa vizuri, kila kitu kinaenda kwa mahesabu, lakini nikageuka nikaona watu wanapiga stori. Kwenye ya zamani kipindi kama hicho hakuna hata aliyetoka kwenda kujisaidia.

Hanks naye, ndo profesa wa hii, mniruhusu nimtetee kidogo. Watu wanasema kazidisha, yale maneno marefu, mashairi ya Edgar Allan Poe, kicheko cha puani. Mimi nilimpenda. Kumtafsiri ilikuwa kazi ya shetani kwaiyo nikamfanya aongee kama mgombea aliyekuja kuomba kura, "ndugu wananchi, kwa heshima na taadhima", na watu wakamwelewa kabisa kwamba huyu ni tapeli. Kosa sio lake, kosa ni kwamba kaachwa peke yake kuwa hatari, na hatari yenyewe ni ya maneno tu.

Na Irma P. Hall aliyecheza bibi, wanaoiponda muvi nzima wasimguse. Kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka huohuo wa 2004, majaji wakiongozwa na Quentin Tarantino, alipewa tuzo ya majaji kwa hii kazi. Katie Johnson kule, Irma Hall huku, muvi ileile bibi ndo anaondoka na tuzo.

Kuna utani mmoja wa mwisho hakuna aliyeucheka bandani na mimi mwenyewe niliuelewa baadaye sana. Kwenye muvi zote mbili bibi anaenda polisi kusema hela anazo, polisi hawamuamini, wanamwambia kaa nazo. Wa 2004 anaamua zote ziende chuo kikuu cha Bob Jones ambacho amekuwa anakichangia toka mwanzo. Hicho chuo ni cha kweli, kilikuwa hakipokei wanafunzi weusi mpaka 1971, na mpaka mwaka 2000 kilikuwa kinakataza wanafunzi wa rangi tofauti kuwa wapenzi. Mama mweusi mjane anakipelekea mamilioni ya kasino na roho kwatu. Huo utani ni mchungu kuliko maiti zote zile.

Kwaiyo mkuu ya 1955 kwanza, ni saa moja na nusu tu, nyeusi na nyeupe usitegemee maana ni ya rangi, tena rangi nzuri. Ya 2004 iangalie siku nyingine, usiunganishe usiku mmoja utaichukia bure. Na aliyeuliza hapo juu kama anaweza kuangalia na familia: ya zamani unaangalia hata na mama mkwe, ile ya Hanks subiri watoto walale, Gawain hafungi mdomo.